Fomu ya P9 Niliyoonyeshwa: Nilivyodai Mshahara Sawa Mombasa

Jioni ya tarehe 28 Juni 2021, siku mbili kabla ya muda wa kuwasilisha ritani za kodi kumalizika, mwenzangu wa meza ya pili aliniomba nimsaidie kujaza fomu yake mtandaoni, kwa sababu kila mwaka alikuwa akikwama kwenye ukurasa ule ule. Nilimwambia alete P9 yake, fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi ya mfanyakazi kwa mwaka mzima. Aliiweka kando ya kikombe changu cha chai, karatasi moja iliyokunjwa mara mbili, nami nikaanza kunakili safu ya mshahara wa msingi mwezi baada ya mwezi: 52,000, 52,000, 52,000. Nilipofika Aprili vidole vilikataa kuandika. Yangu, niliyoijaza wiki iliyotangulia, ilionyesha 38,000 katika kila mstari.

Tulikuwa tukifanya kazi moja katika kampuni ya uwakala wa forodha, mimi, mwanamke, tangu 2016, yeye, mwanamume, tangu Machi 2018. Tuliandaa makabrasha ya mizigo inayoingia kupitia bandari ya Mombasa, tukaingiza taarifa kwenye mfumo wa forodha, tukakokotoa ushuru na kufuatilia hadi kontena liachiliwe kabla gharama za kuhifadhi hazijaanza kuhesabiwa. Mimi ndiye niliyemfundisha jinsi ya kuainisha bidhaa, na cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki nilikuwa nacho tangu awali, ilhali yeye alikipata mwaka mmoja baada ya kuajiriwa. Nilimaliza kumjazia ritani, nikamrudishia karatasi yake, nikapanda kivuko kurudi Likoni bila kusema neno. Usiku ule sikulala.

Nayaandika haya kwa sababu katika miezi iliyofuata nilifanya makosa ambayo mtu mwingine hana haja ya kuyarudia, na mawili kati yake yaliwaumiza watu ambao hawakunikosea kitu.

Asubuhi yake niliingia ofisini kwa meneja nikiwa na hasira tupu. Sikuwa na barua, sikuwa na hesabu, sikuwa na shahidi. Nilichokuwa nacho ni tarakimu ya mshahara wa mtu mwingine, na ndiyo niliyoitaja kwanza. Meneja hakunijibu kuhusu mshahara wangu hata kidogo. Aliniuliza nimeijuaje hiyo tarakimu, kisha akanikumbusha kwamba mkataba wangu unasema mishahara ni siri baina ya mfanyakazi na mwajiri. Kabla ya saa sita mchana mwenzangu alikuwa ameitwa na kupewa barua ya onyo. Aliporudi mezani hakunitazama. Alikuwa ameniamini na karatasi yake kwa ajili ya shughuli moja, nami nikaitumia kwa shughuli nyingine bila idhini yake. Nilimwomba radhi siku ile na mara nyingi baadaye, akanijibu kwa upole kwamba yamekwisha, lakini hatukunywa chai pamoja tena.

Kilichonisikitisha zaidi ni kugundua baadaye kwamba sikuhitaji kumtaja. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri awalipe wafanyakazi wake malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na kinasema kwamba anapolalamikiwa ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kuwa haukutendeka ni wa mwajiri. Maana yake ni kwamba ningeweza kuandika: naomba kujulishwa msingi unaotumika kupanga mishahara ya wafanyakazi wa daraja langu, na nafasi yangu katika mpango huo. Barua ya aina hiyo haimtaji mtu, haifichui karatasi ya mtu, na inamlazimu mwajiri ama ajibu kwa maandishi ama akae kimya kwa maandishi, na vyote viwili vinakufaa mbele ya safari. Kenya iliridhia Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, ule wa mwaka 1951 kuhusu malipo sawa, mnamo 2001. Mimi niliajiriwa miaka kumi na mitano baadaye na sikuwahi kumsikia mtu yeyote kazini akiutaja.

Wiki ya pili ya Julai nilitulia nikakusanya vitu vyangu. Hati za mshahara nilikuwa nazo chache, kwa kuwa zilikuwa zikitumwa kwa barua pepe ya kazini nami sikuwa na mazoea ya kuzihifadhi kwingine. Basi zinakili nje ya mfumo wa ofisi kila mwezi, hata kama huna ugomvi na mtu, kwa sababu siku ugomvi unapoanza barua pepe ile inaweza kufungwa. P9 zangu za miaka yote nilizipata kwa kuziomba upya. Kisha nikapitia rejista ya mafaili, ambayo kila mmoja wetu alikuwa akitia sahihi anapokabidhiwa kazi, nikahesabu. Kwa miezi sita ya kwanza ya 2021 nilikuwa nimeshughulikia mafaili 366, na meza ya pili 291. Kutoka hapo niliacha kusema kwamba ninaonewa nikaanza kusema kwamba kazi ni hii, kipimo chake ni hiki, na malipo yake ni haya. Msomaji akichukua jambo moja tu kwangu, naomba liwe hilo, alinganishe kazi na kazi, asilinganishe mtu na mtu. Ukimlinganisha mtu, utaambiwa habari za mtu.

Na habari hizo niliambiwa kweli. Kampuni ilijibu barua yangu baada ya wiki tano, na katika kikao kilichofuata zilitajwa sababu ambazo nimezisikia tena baadaye kutoka kwa wanawake wa kazi tofauti kabisa, wauguzi, wahudumu wa hoteli, walimu wa shule za binafsi. Ya kwanza ilisemwa kwa sauti ya huruma: “Dada yangu, mwenzako ana familia ya kulisha.” Mimi nilikuwa na mtoto wa miaka miwili na nusu na mama mzazi nyumbani, ila hilo halikuwahi kuhesabiwa kuwa familia. Ya pili ni kwamba yeye alipoajiriwa alitaja mshahara anaoutaka, ilhali mimi nilikubali niliopewa. Hili lilikuwa kweli, na liliniuma kwa sababu lilikuwa kweli. Mwaka 2016 niliulizwa ninategemea kiasi gani nikajibu, “Chochote mtakachoona kinafaa,” nikidhani ninaonyesha adabu. Lakini sheria haisemi malipo sawa kwa waliojua kuomba. Ya tatu ndiyo iliyokuwa na uzito, kwamba yeye hutoka usiku kwenda bandarini mzigo unapokwama. Hapo rejista ilinisaidia tena, kwa kuwa ilionyesha nilikwenda usiku mara nyingi kabla ya kujifungua, na kwamba baada ya hapo ni wao walioacha kuniita. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Kujifungua kwangu ndiko kulikoeleza sehemu ya pengo ambayo hata mimi sikuwa nimeiona. Kampuni ilipolazimika kutoa historia ya mishahara yetu, ilionekana kwamba mwaka 2018 yeye alianza na 46,000 wakati mimi nikiwa na 36,000. Januari 2019 wafanyakazi walitathminiwa na kuongezwa. Yeye alifika 49,000, mimi nikabaki pale pale kwa sababu nilikuwa katika likizo ya uzazi na faili langu liliandikwa kwamba sikuwepo wakati wa tathmini. Likizo ile ni miezi mitatu kwa mshahara kamili kisheria, na mshahara wake nililipwa wote, hivyo nilidhani haki yangu imetimia. Sikufikiria kwamba miezi mitatu ya kutokuwepo ingeniondolea nyongeza ya mwaka mzima, na ya miaka yote iliyofuata, kwa kuwa kila nyongeza hupandishwa juu ya iliyotangulia. Mwaka 2020 mimi nilifika 38,000 na yeye 52,000, halafu korona ikasimamisha nyongeza za wote. Hata tungeongezwa asilimia tano kila mmoja, jambo ambalo lingeonekana kuwa usawa, yeye angepata 2,600 na mimi 1,900, na pengo la 14,000 lingekuwa 14,700.

Mama yeyote anayerudi kutoka likizo ya uzazi namsihi aulize kwa maandishi, wiki ya kwanza, iwapo palikuwa na tathmini au nyongeza alipokuwa hayupo.

Kikao cha ndani hakikuzaa kitu. Nilipewa cheo kipya cha msimamizi wa makabrasha na posho ya muda wa maongezi, nami nikashukuru, nikatoka nikitabasamu hadi nilipofika nyumbani na kutambua kwamba mshahara wa msingi haukuguswa. Posho mara nyingi haihesabiwi pale mkataba unapovunjwa kwa kupunguzwa wafanyakazi, wala pale siku za likizo zisizotumika zinapolipwa. Chama cha akiba na mikopo nacho kiliangalia mshahara wa msingi nilipoomba mkopo wa kujenga, wakanipa nusu ya nilichoomba.

Septemba nilikwenda kwa afisa wa kazi wa serikali. Huduma hiyo hailipiwi, na hilo nalisema kwa sababu niliahirisha kwenda kwa wiki nyingi nikidhani nitatozwa. Swali lake la kwanza lilikuwa: “Mama, barua yako iko wapi, na walijibu nini?” Nilimkabidhi bahasha yenye barua, jibu, P9 na nakala za rejista, akaisoma yote nikiwa nimekaa. Wengine waliokuwa kwenye benchi pamoja nami walikuja na maneno matupu, wakarudishwa wakaandike. Aliniambia pia kwamba muda una mwisho, kwa kuwa madai chini ya Sheria ya Ajira hufunguliwa ndani ya miaka mitatu, na kwa dhara linaloendelea ni miezi 12 tangu lilipokoma. Vilevile alinieleza kwamba kumfukuza mfanyakazi kwa sababu amelalamika si sababu halali, ingawa hakunificha kwamba hutokea. Kwa anayelazimika kufika mahakamani, tangu 2018 mahakimu wa ngazi ya juu wamepewa mamlaka ya kusikiliza migogoro ya waajiriwa ambao mshahara wao hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi, hivyo si lazima shauri lianzie Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Hapa Mombasa FIDA, chama cha mawakili wanawake, na Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wana ofisi, na ni vyema kubisha hodi huko kabla ya kuuza chochote ili kumlipa wakili.

Mimi nililipa wakili 5,000 kwa saa moja tu, na sijutii. Baada ya vikao viwili vya usuluhishi, Oktoba na Desemba, kampuni ilikubali kunifikisha 52,000 kuanzia Januari 2022 na kunilipa 180,000 kwa awamu tatu kama malimbikizo. Kwa hesabu zangu nilikuwa nikidai 592,000: miezi kumi ya 2018 kwa pengo la 10,000, mwaka 2019 kwa 13,000, na miaka miwili kwa 14,000. Nilipokea chini ya theluthi moja. Nilichoka, mtoto alikuwa mgonjwa, na nilijua shauri la mahakamani lingenichukua miaka. Wapo watakaosema nilijiuza rahisi, na siwezi kuwapinga. Wakili alifanya jambo moja lenye thamani kuliko ada yake, nalo ni kukifuta kipengele kilichosema sina na sitakuwa na dai lingine lolote dhidi ya mwajiri, akaandika badala yake kwamba makubaliano yanahusu malimbikizo ya mshahara hadi Desemba 2021 pekee. Jambo ambalo hatukulizungumza ni kodi. Kila awamu ya 60,000 iliongezwa juu ya mshahara wa mwezi ikakatwa asilimia 30, hivyo mkononi nilipata 126,000 kwa jumla. Ukijadiliana, uliza mapema kama kiasi kinachotajwa ni kabla au baada ya kodi.

Huo ndio upande wangu. Upande wa pili ni wa mtu aliyekuwa akifanya kazi katika ghala letu la Shimanzi, na ameniruhusu niusimulie bila jina lake.

Alikuwa karani wa kuhesabu mizigo. Kontena linapofunguliwa, yeye husimama mlangoni na kuhesabu kila gunia au katoni inayotoka, akilinganisha na orodha ya mzigo. Makosa yake yangeigharimu kampuni fedha nyingi, na makosa yake yalikuwa machache kuliko ya mtu yeyote pale. Alizaliwa akaandikishwa kuwa mvulana, akasoma na kufanya mtihani wa kidato cha nne kwa jina la kiume, na kwa miaka mingi sasa anaishi kama mwanamke alivyo. Makarani wenzake wawili, wanaume, walikuwa kwenye orodha ya mishahara kwa 27,000 kwa mwezi. Yeye alilipwa 700 kwa siku, taslimu, kila Jumamosi, bila hati yoyote na bila michango ya hifadhi ya jamii. Wiki ya siku sita ilimpa 4,200, na siku za mvua au za sikukuu hakupata kitu. Alipouliza kwa nini haandikishwi, aliambiwa vyeti vyake havilingani naye, na mfumo hauwezi kumpokea. Alikuwa ameambiwa hivyo kwa zaidi ya miaka miwili.

Nilipokuwa nimewaka moto wa madai yangu, nilimwendea nikamwambia nimekwisha kuliingiza jambo lake katika rasimu ya barua yangu. Nilidhani atafurahi. Alivuta pumzi, akafunga daftari lake, akaniambia: “Dada, ukiliandika jina langu pale, kwanza wataniuliza kitambulisho. Wakikisoma kwa sauti mbele ya watu, mshahara sitaupata na kazi itakuwa imekwenda.” Niliifuta aya ile mbele yake. Pengo langu lilihitaji tarakimu mbili tu ili lionekane. Lake lilimtaka kwanza ajianike mbele ya watu wasiomtakia heri, na mimi nilikuwa karibu kulifanya hilo kwa niaba yake, bila kumuuliza, kwa kosa lile lile nililolifanya na P9.

Tangu wakati huo nimejifunza mambo ambayo ningependa ningeyajua siku ile. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au kazi ambayo haiwezi kumalizika chini ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, hata mwajiri asipomwandikia mkataba. Haki hiyo haitegemei cheti cha shule. Kifungu cha 5 kinataja jinsia bila kuwataja waliobadili jinsia, lakini Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi kwa msingi wowote, na misingi iliyoorodheshwa imewekwa kama mifano. Kuhusu vyeti, Oktoba 2014 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamuru baraza la mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, cheti kipya cha kidato cha nne chenye jina lake la sasa na kisicho na alama ya jinsia. Yeye alilazimika kwenda mahakamani ili karatasi imruhusu kuajiriwa kwa sifa alizonazo. Anayesema “vyeti havilingani” anapaswa kujua kwamba mahakama ilikwisha kulishughulikia jambo hilo, na kwamba hata pale lisiposhughulikiwa, kutolingana kwa majina hakupunguzi idadi ya magunia yaliyohesabiwa.

Aliacha kazi Novemba 2021, kabla shauri langu halijaisha. Hakuaga ofisini. Kwangu alileta daftari lake la kuhesabia, lenye jalada gumu la kijani, akaniomba nimwekee kwa kuwa alikuwa akihamia mji mwingine na hakutaka lipotee njiani. Kila ukurasa una tarehe juu, namba ya kontena chini yake, kisha mistari ya vijiti vya wino wa buluu, vinne vimesimama na cha tano kimevikata, safu baada ya safu, na mwisho wa ukurasa jumla na sahihi ya msimamizi wa ghala. Hana mkataba, hana hati ya mshahara, hana P9, lakini siku alizofanya kazi zimo mle zote, zimetiwa sahihi na mwajiri mwenyewe.

Mwanzoni mwa 2023 alinipigia simu. Alikuwa amepata mtu wa kumsaidia kisheria bila malipo, muda wa miaka mitatu ulikuwa haujaisha, na safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyechagua nini kiandikwe na kwa jina gani. Aliniomba nipige picha kurasa zote nimtumie. Zilikuwa 94. Nililiweka daftari juu ya meza ya jikoni, mtoto akiwa amelala, nikaanza na ukurasa wa kwanza. Nilimaliza saa saba za usiku, na kurasa mbili nilizirudia kwa sababu kivuli cha mkono wangu kilikuwa kimefunika tarehe.